Nambari Ndogo Chini ya Herufi

Jumamosi, 2 Juni 1951

Ushindi! Mungai, karani mwenzangu, amenyamazishwa mbele ya bwana mkubwa wa ofisi. Nimekuja mbio kuandika kabla furaha haijapoa.

Ofisi yetu ya upimaji iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa, Bazaar Street, hapa Nairobi. Siku hizi tunapima viwanja vya Kilimani. Wapimaji huenda porini na vyombo vyao, sisi makarani wa hesabu tunabaki mezani na majedwali. Kila kigingi kinachopigwa ardhini lazima kipewe alama. Mungai hutumia herufi: a, b, c. Vigingi vya Kilimani vikamaliza alfabeti! Akaanza aa, bb, cc. Jana akaandika p2, ile mbili nene sawa na herufi yenyewe. Mchoraji akadhani ni p mara mbili. Kiwanja cha watu kikalala katikati ya barabara.

Mimi nina njia safi. Herufi moja kwa kundi zima, kisha nambari ndogo chini yake, pale kwenye kifundo cha mguu: p₁, p₂, p₃. Herufi ni ukoo, nambari ni mtoto. Ukitaka kumsema yeyote kati yao bila kumtaja, unaweka i pale chini. Ukitaka wote, unawafunga ndani ya mabano yale yaliyopinda kama masharubu. Bwana mkubwa alitazama, akasema kuanzia Jumatatu ofisi nzima itaandika kama Isaiah. Mungai alichonga penseli mpaka ikabaki kipande.

Lakini nisimcheke sana. Mungai ni binamu yake Waceke, na ndiye aliyenijulisha kwake. Waceke wangu! Anashona sare za shule katika duka la fundi mmoja Parklands. Kila asubuhi napita pale kwa baiskeli nikitoka Spring Valley, ambako nalala kwa mjomba Dalmas, mpishi, katika chumba chake nyuma ya nyumba ya tajiri wake. Napiga kengele. Waceke anainua macho kutoka kwenye cherehani. Asipoinua, siku hiyo hesabu zangu zote zina makosa.

Jumamosi ijayo ndiyo siku. Tumeitwa kwao, ng'ambo ya Spring Valley, kupanga mahari na baba yake, Mzee Jamleck. Mambo yakienda sawa, tunafunga ndoa Desemba. Yasipoenda sawa, sijui. Sentensi hiyo sitaki kuiandika.

Jumapili, 3 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza mbuzi.

Mambo ni haya. Watu wa kina Waceke hawahesabu mbuzi kwa sauti, kama wasivyohesabu watoto. Ni mwiko, inaleta mkosi. Kwa hiyo wazee wa msichana hupanga vijiti chini, kila kijiti mbuzi mmoja. Wazee wa kijana huondoa vichache kwa adabu. Wale wanavirudisha baadhi. Hivyo hivyo mpaka pande zote zinatulia, na hakuna aliyetaja idadi. Vizuri sana. Lakini mimi nimeuona ua wa Mzee Jamleck. Ni mrefu, na wote ni vijiti.

Akili ilinijia wakati wa wimbo wa mwisho. Nikasimama peke yangu, kabla ya kanisa zima! Kwa nini vijiti? Tuandike! m ya mbuzi, na nambari ndogo chini. m₁, m₂, m₃, na kuendelea mpaka mₙ. Hakuna anayehesabu, kila mbuzi anaitwa kwa jina lake. Wazee watamwona mkwe mwenye elimu ambaye bado anaheshimu mwiko.

Na humo ndani mna utamu mwingine. Nambari mbili tofauti hazisemi kwamba mbuzi nao ni wawili tofauti. Hakuna sheria yoyote ya aljebra inayokataza m₂ na m₅ wawe mbuzi yule yule! Mimi mwenyewe ni Isaiah kanisani na Wanjala nyumbani, na chakula nala sahani moja. Mbuzi mmoja mwenye bidii anaweza kubeba nambari kadhaa. Kwenye karatasi wote watakuwa wamefika. Nilicheka peke yangu mpaka Dalmas akauliza kama nina homa.

Mchana wote nimechora karatasi kubwa kwa wino mweusi. Kuchagua alama si mchezo. Nilifikiria kuweka vijistari juu ya herufi, kimoja, viwili, vitatu. Vikajaa hata sikujua kipi ni mbuzi na kipi ni doa la wino. Nilifikiria kuweka nambari juu badala ya chini. Lakini juu ni mahali pa vipeo, na akitokea mzee mmoja anayejua vipeo, atadai mbuzi wazidishwe kwa mbuzi. Hapana. Chini ndipo pa usalama.

Kisha, kwa ajili ya unadhifu, nikawapa na watu nambari. Mzee Jamleck ni j₁. Mjomba Dalmas ni d₁. Waceke ni w₁. Herufi tupu kati ya wenzake wenye nambari inaonekana kama mtu aliyekuja harusini bila viatu. Karatasi yote sasa inang'aa.

Jumanne, 5 Juni

Nimemweleza Dalmas alipokuwa akimenya viazi mlangoni pa jikoni. Yeye ndiye msemaji wangu Jumamosi. Ni kaka wa mama yangu, na kwetu huendi kuposa bila mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza huyu m₂ anakula nini. Nikasema m₂ ni alama. Akasema alama haichinjwi.

Nikamfungulia ule ujanja wa mbuzi mmoja mwenye nambari mbili. Akaweka kisu chini.

"Mwana wa dada," akasema, "mimi nitavaa ile koti alinipa tajiri, nitasimama, niambie hao wazee sisi ni watu ya kawaida, tunapenda msichana yao, watuhurumie. Hiyo maneno inatosha."

Nikamjibu kwamba huruma haina uhakika, aljebra inao. Akarudia viazi vyake. Amekubali kuja, lakini kasema karatasi nitaibeba mwenyewe, na ikinyesha nisimwombe mwavuli.

Inasikitisha. Mtu mzima, miaka yote hii Nairobi, na bado anaamini maneno matupu.

Alhamisi, 7 Juni

Chakula cha mchana sikula. Nilikwenda Parklands na karatasi yangu, kwa sababu nilitaka Waceke aione kabla ya mtu yeyote wa kwao. Alikuwa akitia matundu ya vifungo. Aliicheka ile j₁, akasema baba yake hajawahi kuwa mwembamba hivyo. Nilifurahi! Kisha akaweka kidole penye w₁. Akauliza hiyo moja ni ya nini. Nikasema unadhifu. Akauliza kama kuna mbili. Nikacheka kwa kujua kwingi, nikamwambia mtu wa hesabu hafungi mlango, huacha nafasi.

Akarudia vifungo vyake. Nadhani alikuwa akionja heshima niliyompa. Si kila msichana hupewa nambari.

Nilipokuwa napanda baiskeli akanifuata mpaka barazani, akauliza kama nimesikia habari za Wangui. Wangui ni dada yake mkubwa. Alifunga ndoa kanisani na karani, pete, shela, keki, kila kitu. Mwaka jana yule karani akaleta mke mwingine, na sasa Wangui amerudi kwa baba yake na watoto. Nikasema sina habari mpya. Sijui kwa nini alimtaja Wangui saa hiyo. Nilikuwa nimechelewa kazini, sikuuliza.

Ofisini Mungai alinisomea karatasi juu ya bega. Nilitaka kuificha, halafu nikaona aone tu, aumie. Akasema kwa adabu kwamba alama ni nzuri. Akauliza, "Sasa hii n, mwisho yake ni wapi?" Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu wa darasa la chini: n ni nambari yoyote, itajulikana baadaye, ndio uzuri wake. Akatabasamu. Tabasamu lile lilikuwa refu.

Kisha akaniambia jambo jingine, polepole, akitazama mlango. Akasema nambari iliyo chini ya Waceke niifute. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wewe futa tu, Isaiah. Mtu moja hana haja ya namba."

Wivu! Ameshindwa Kilimani, anataka kunipokonya hata mguu wa w. Sikufuta.

Jumamosi, 9 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulifika asubuhi, Dalmas ndani ya koti, mimi na karatasi kwapani. Uani kwa Mzee Jamleck walikuwa wamepanga viti mbele ya ghala la mahindi. Wazee wa kwao walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, Mungai katikati kama mkalimani, maana wazee wengine Kiswahili kinawachosha. Tukasalimiana vizuri. Tukaombewa. Mzee mmoja akaanza kupanga vijiti ardhini, taratibu, bila kumtazama mtu.

Kijana anayeposa hukaa kimya siku hiyo. Kwao ni hivyo, kwetu ni hivyo. Dalmas alinishika shati kwa nyuma. Nikasimama na shati likachanika kidogo.

Nilining'iniza karatasi kwenye ukuta wa ghala, nikaeleza kwa sauti ya bwana mkubwa. Hapa ni m, ukoo wa mbuzi. Hapa ni nambari, jina la kila mmoja. Hakuna anayehesabiwa, hakuna mkosi. Nikasema maneno ambayo sasa yananilia masikioni: "Mkiona moja chini ya herufi, mjue nyuma yake mbili inakuja." Mungai akatafsiri. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Waliipenda!

Mzee Jamleck akanyoosha fimbo. "Na hii n ya mwisho, ni mbuzi gani?"

Mungai alijibu kabla yangu. Akasema, kama alivyoelezwa na mwenyewe mwenye karatasi, n ni nambari yoyote, itajulikana baadaye. Wazee wakanong'onezana. Kisha wakaipokea njia yangu kwa shangwe. Mmoja akaenda kwenye ua, akarudi na vijiti zaidi. Mwingine akarudi na tawi zima. Huyo wa tatu nilimwona akiomba panga.

Jasho! Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikasema, kwa heshima, kwamba m₂ na m₅ si lazima wawe mbuzi tofauti. Mungai akasita. Akaniuliza kwa macho kama kweli atafsiri. Nikamwambia atafsiri. Akatafsiri, na hata mwenye panga akasimama.

Mzee Jamleck hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, "Kijana yangu, huko kwenu mbuzi moja inakulwa mara mbili?"

Nilitaka ardhi inimeze. Hapo Dalmas akasimama. Akavua kofia. Akasema kwamba sisi ni watu wa kawaida, tumetoka mbali, tunampenda binti yao, na kijana huyu akili zake zimevurugika kwa sababu ya kumtaka mno, watuhurumie. Maneno yale yale ya mlangoni pa jikoni. Mzee Jamleck akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafuta macho. Wazee wote wakacheka. Kisha akainama mwenyewe, akaondoa vijiti vingi kuliko ambavyo Dalmas angethubutu kuomba, na lile tawi akalirusha nje ya ua. Akasema mbuzi wataletwa kidogo kidogo, hakuna haraka, undugu hauishi leo.

Imekubaliwa! Nilikaa chini. Sioni haya kusema, machozi yalinitoka.

Kilichobaki ni chai. Zamani ilikuwa pombe, lakini Mzee Jamleck ni mzee wa kanisa, kwake ni chai. Desturi ni kwamba msichana anammiminia baba yake, na mbele ya watu wote baba anamwuliza kama wainywe. Akisema wanywe, amemkubali kijana. Nilijua atasema. Ni desturi tu, hakuna anayekataa.

Waceke akatoka na birika. Alikuwa amevaa gauni la buluu alilojishonea, sikuwa nimewahi kuliona. Akamimina kikombe cha baba yake.

"Waceke," akasema Mzee, "hii chai tuinywe?"

Alikuwa akitazama ukuta wa ghala. Karatasi! Ilikuwa bado pale. Kwa nini sikuitoa? Dakika zote zile za kicheko, mikono yangu ilikuwa na kazi gani? Akasogea mpaka mbele yake. Akaniuliza mimi, si baba yake, na kwa Kiswahili ili na Dalmas asikie.

"Isaiah, umesema ukiona moja, mbili inakuja nyuma. Mbili yangu ni nani?"

Nikasema hakuna. Hapo ningenyamaza. Ee Mungu wangu, hapo ningenyamaza! Lakini alama ni alama, na mtu wa hesabu hasemi zaidi ya anachokijua. Nikaongeza: kwa sasa.

Wangui alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Waceke akamtazama dada yake. Kisha akachukua kikombe cha baba yake, akaimimina chai ikarudi ndani ya birika, yote, polepole, bila kumwaga hata tone. Akaingia nayo ndani.

Mzee Jamleck akaanza kuokota vijiti.

Jumatatu, 11 Juni

Jana sikuandika. Sikuwa na la kuandika. Nililala nikitazama ukuta, na Dalmas aliniletea uji mara mbili, akauchukua umepoa.

Leo nimepita Parklands. Nikapiga kengele. Cherehani ilikuwa inakwenda, nilisikia. Hakuna macho yaliyoinuka. Nikarudi nyuma mpaka kona, nikapita tena, nikapiga tena. Fundi mwenyewe akatoka, akaniambia kengele yangu inawashtua wateja.

Ofisini nilimngojea Mungai anicheke. Nilikuwa nimeandaa majibu makali. Hakucheka. Aliniletea chai, akaiweka mezani. Chai! Akaniomba msamaha kwa habari ya n, akasema ilikuwa mzaha wa wakwe, kila mtu pale alijua vijiti vingeondolewa, hata lile tawi. Akasema baba yake Waceke ananipenda mpaka leo. Akasema Waceke hakulala, amekaa na Wangui wakilia wote wawili. Ningependa zaidi angenicheka.

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema niende bila karatasi, niseme neno moja tu, kwamba hakuna mbili na haitakuwapo. Akanisihi: bila karatasi.

Vigingi vya Kilimani leo vyote viliandikwa kwa njia yangu. p₁, p₂, p₃, ukurasa mzima, mwandiko wa Mungai. Sikuweza kuutazama. Nilikuwa na msichana aliyenisikiliza kengele, na nikamfanya kigingi.

Jumatano, 13 Juni

Nilitaka kumsikia Mungai. Nilitaka kweli. Jana nilitembea ofisini nikilirudia lile neno moja. Hakuna mbili na haitakuwapo. Lakini mtu atathibitishaje jambo kama hilo kwa mdomo? Yule karani wa Wangui naye aliapa kwa mdomo, tena mbele ya askofu. Waceke anahitaji kitu imara zaidi.

Na kitu hicho kipo! Sifuri! Nilikiona mchana huu nikiwa napiga hesabu za kona ya mwisho. Kosa langu lilikuwa kuanza na moja. Sifuri iko kabla ya yote. Sifuri haina aliyeitangulia. w₀! Nikaandika juu ya karatasi safi, kubwa, na kuzunguka nikatia mapambo. Nikaomba ruhusa, nikaenda Parklands mbio, mnyororo ukatoka njiani, nikaurudisha kwa mikono, na karatasi ikapata vidole vyangu vya grisi.

Alitoka barazani. Alikubali kutoka! Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Alinitazama mikono, akanitazama uso, na nadhani wakati ule, kama ningekuwa sina kitu mkononi, angesema neno. Nikamkunjulia karatasi.

Akauliza hiyo duara ni nini. Nikasema ni sifuri. Akauliza sifuri si ndiyo hakuna kitu. Nikaanza kumweleza tofauti kati ya sifuri kama idadi na sifuri kama nafasi katika mpangilio. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza vizuri hivyo. Alipokea karatasi, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe kama anavyokunja sare, akanirudishia.

"Isaiah, mimi naitwa Waceke," akasema. "Jina yangu ilikushinda nini?"

Akaingia ndani. Nilibaki pale na grisi yangu. Cherehani ikaanza, ikasimama, ikaanza tena.

Jina lake halikunishinda kitu. Ni jina zuri. Nimeliandika hapa bila chochote chini yake, Waceke, Waceke, Waceke, mpaka ukurasa umejaa. Laiti ningeliandika hivyo ile Jumapili, leo tungekuwa tunangoja Desemba. Najuta. Najuta hata siwezi kula. Kuanzia leo sitampa binadamu nambari tena, naapa.

Jumapili, 24 Juni

Mungai ameniambia kwa upole kwamba Waceke amehamia kwa shangazi yake Kiambu, anafundisha kushona huko. Amesema nisimfuate. Cherehani ya Parklands sasa inaendeshwa na mwanamume mwenye miwani. Bado napita njia ile ile. Kengele nimeifungua, nimeiweka sandukuni.

Leo baada ya ibada Dalmas alinishika mkono, akanipeleka kwa msichana mmoja wa kwetu, Lornah, yaya katika nyumba moja Kilimani. Anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Aliniuliza kazi yangu, nikamweleza kidogo, akasema anapenda watu wa hesabu. Nikasema hata yeye nyumba yao nadhani tumeipima. Akacheka. Ana kicheko cha chini chini. Dalmas, tukirudi, akanisihi kwa jina la marehemu mama yangu: safari hii, mdomo tu, karatasi hapana.

Bado naumia, sikatai. Usiku huota gauni la buluu. Lakini huzuni imenipa akili, na nimekaa alasiri nzima nikitafakari kosa lilikuwa wapi hasa. Kosa halikuwa nambari. Nambari ni nzuri, ofisi nzima inazitumia. Kosa lilikuwa ile moja. Mwanamke akiona moja, ataulizia mbili tu, na nani atamlaumu? Sifuri nayo inamuudhi. Kwa hiyo moja na sifuri sitamwandikia mtu tena. Nimejifunza.

Herufi haibadilishwi katikati ya hesabu. W imekwisha kuanzwa, acha iendelee. Lornah nimemwandika w₂. Nimeichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nzuri, na Jumapili ijayo nitampelekea. Na sasa naona hata pale ghalani sikumdanganya Waceke. Aliniuliza mbili ni nani, nikamwambia kwa sasa hakuna, na siku ile kweli nilikuwa sijamjua.